Kistari Nilichokiandika Ruangwa

Nilifika Ruangwa Benedikto akiwa amezikwa siku mbili nyuma. Habari ilinikuta Nachingwea nikiwa napepeta ufuta. Aliileta mtu aliyekuwa anapita na baiskeli, akaisema bila hata kushuka: "Yule fundi redio wenu wa zamani, yule wa kompyuta, amefariki." Nilichukua kanga mbili na daftari moja kuukuu, nikaondoka. Daftari nililichukua kwa sababu nilikuwa nimeshaamua, au nilidhani nimeamua. Mimi ni mtu wa kuamua jambo asubuhi na kulitengua mchana, wanaonijua watasema hivyo hivyo. Pale msibani wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kuazima, na nilipokuwa napita kuelekea upande wa wanawake nikasikia mmoja anamwuliza mwenzake, "Huyu marehemu si ndiye aliyewapoteza watu wa Msumbiji kwenye kompyuta?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Lakini kwenye redio tumpe haki yake, alikuwa hana mpinzani." Wakacheka kidogo, lile cheko la msibani la kuziba mdomo kwa kiganja. Nikapita, sikusema kitu. Hilo la kupita bila kusema kitu ndilo ninalotaka kuliandika, na ili lieleweke inabidi nirudi kwenye mwaka ule mmoja niliofanya kazi naye.

Ulikuwa mwaka ambao vita ya Msumbiji ilikuwa imekwisha na watu waliokimbilia kwetu walianza kurudi kwao. Nachingwea palifunguliwa ofisi ndogo ya kuwatafutia watu ndugu zao, katika mojawapo ya zile nyumba walizojenga wazungu wa ule mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, yenye dari ya mbao na popo juu ya dari. Chumba chetu kilinuka kinyesi cha popo na wino. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba, niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko wangu, na nilijua fika kwamba walikuwepo waliosoma zaidi. Kazi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache: mtu anakuja, anasema yeye ni nani, katoka wapi, anamtafuta nani. Tunaandika. Halafu tunaangalia kama yule anayetafutwa naye ameandikishwa mahali pengine. Mchana tulikula pamoja barazani, ugali wa muhogo na mbaazi, siku nyingine ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha aliyoinunua Benedikto kwa akina mama wa sokoni, na waliokuwa kwenye foleni tuliwakaribisha, wengine wakaja kunawa, wengine wakaona haya. Mratibu wetu alikuwa mtu wa kuja, mkali, lakini sitasema alikuwa mbaya. Aliwahi kumpa mgonjwa shati lake mwenyewe, nikiona kwa macho yangu.

Majina tuliyaweka kwenye mashine. Ilikuwa kompyuta ya kubebeka, ya zamani hata kwa siku zile, upana wake kama sinia dogo la mstatili, na kioo chake kilionyesha mistari minane tu. Ilitumia betri nne ndogo kama za redio. Ndiyo maana ilitufaa, umeme Nachingwea ulikuwa wa kusikia. Benedikto aliletwa kuitunza. Alikuwa ameishia kidato cha pili, lakini kitu chochote chenye waya kilimtii, na alikuwa na bunda la karatasi za Kiingereza zilizoachwa na aliyekuwa na mashine ile kabla yetu, akizisoma na kamusi pembeni. Ndiye aliyenieleza kwamba kumbukumbu ya mashine imegawanyika mafungu matatu, yanaitwa benki, na kwamba ukiwa katika benki moja mashine haijui kabisa kuna nini katika nyingine. Akina mama kwenye foleni walilisikia neno hilo wakalishikia bango. "Benki yenu imejaa watu tupu," aliniambia mmoja, "mtu akija na njaa mtampa nani atafune?" Kila mtu akacheka, na Benedikto akacheka kuliko wote.

Benki ya kwanza ilikuwa na majina ya Nachingwea mjini pamoja na ile programu ya kutafuta. Ya pili ilikuwa ya Mtua, Nambambo na vijiji vya huko. Ya tatu ilikuwa kikasha kinachochomekwa ubavuni, tukakitenga kwa ajili ya Ruangwa. Taabu ni kwamba ya pili na ya tatu zilijaa majina hadi pomoni, programu ya kutafuta haikuwa na pa kukaa humo. Basi benki ya kwanza mashine iliitafuta yenyewe, lakini zile mbili tulisoma kwa macho, mistari minane, halafu minane mingine, mpaka kioo kinaanza kucheza. Kwa hiyo mtu akiniuliza, nilikuwa na jibu moja: "Sijaona bado. Tunaendelea kuangalia." Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ndugu yake hayumo, kwa sababu sikuwa na hakika, na kutokuwa na hakika ni hali yangu ya kila siku.

Ruangwa nilikwenda mwanzoni mwa mwaka ule bila Benedikto, yeye akibaki na homa. Niliwekewa meza chini ya paa la makuti nyuma ya ghala la korosho, nikawa naandikisha moja kwa moja kwenye mashine. Kwenye orodha palikuwa na nafasi ya jina, kijiji, jina la mlezi, na nafasi ya mwisho, majina mengine. Mratibu alikuwa ametuagiza nafasi hiyo isiachwe kamwe, na Benedikto aliniambia tena asubuhi ile akiwa kajifunika blanketi: "Dada Somoe, majina mengine ndiyo kazi yenyewe. Usiache." Wote wawili waliniambia, ninaliandika hili waziwazi. Siku ya pili akaja kijana mrefu, ndevu ndiyo kwanza zinaota, akajitaja Saidi Rashidi. Mzee Rashidi wa hapo Ruangwa ndiye aliyemwokota akiwa mtoto, akamlea, akampeleka jando na wanawe. Nikamwuliza, "Majina mengine?" Akageuka kutazama wanaume waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Akainama mpaka nikasikia pumzi yake, akanong'ona, "Matapa."

Asiye wa kwetu huenda asione ugumu wake. Matapa ni kisamvu, kwa watu wa Msumbiji, na ni jina ambalo mama anaweza kumpa mtoto mchanga aliyezaliwa wakati wa njaa. Lakini mwanamume akishatoka jando, jina la utotoni limezikwa. Kumwita kwa jina hilo mbele za watu ni kumtukana, wapo waliopigana kwa ajili hiyo. Na wale wa nyuma yake walikuwa wanachungulia kioo, mmoja akijua kusoma na akiwasomea wenzake kwa sauti kila nilichoandika, kwa ushamba tu wa kuona herufi zinatokea. Alikwisha kusema, "Saidi Rashidi, ehee, sasa anaandika kingine." Nikamwonea huruma kijana. Nikaandika kistari. Kijana akashusha pumzi, akaniambia, "Ahsante, dada." Nilijiona nimefanya jambo la adabu, na jioni kabla jua halijazama, nikiwa nimekaa kwenye gogo nje ya nyumba niliyofikia, nikaandika katika daftari langu la kila siku: Leo kijana kaniambia jina lake la utotoni kwa haya, Matapa, sikuliandika kwenye mashine, watu walikuwa wanasoma. Daftarini niliona hakuna ubaya. Daftari halisomwi na mtu.

Miezi ikapita. Bi Atija alianza kuja ofisini wakati korosho zimeanza kuangusha maua. Alitembea kutoka Nambambo kila siku ya gulio, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akiongea Kiswahili cha kuokota na Kimakua katikati, na kila alipokuja alileta kitu, mabibo kwenye kikapu au kunde kidogo, ingawa nilimkatalia. Alikuwa anamtafuta mtoto wake wa kwanza, aliyepotezana naye siku waliyovuka Ruvuma, watu walipotawanyika, mtoto akiwa hajafika hata jando. "Jina lake Matapa," alisema. Nikaandika. Nataka niseme kweli: niliposikia, kitu kilinigusa, kama mtu aliyesikia wimbo akasahau aliusikia wapi. Lakini watoto wenye majina ya namna ile walikuwa wengi, nilikuwa nimeshaandika Njaa wawili na Muhogo mmoja. Nikamwambia, "Sijaona bado, Bi Atija. Tunaangalia." Naye akajibu kila mara, "Mwanangu, ukisema bado, mimi nakaa." Maana ndugu zake walikuwa wanaondoka na malori kurudi kwao, na atakayebaki hakuahidiwa lori jingine. Alikuwa akilima shamba la mtu. Aliyemshikilia upande huu ni mtoto, na kilichomfanya amngoje mtoto ni neno langu la bado.

Wakati huo Benedikto alikuwa anahangaika na zile karatasi zake. Alitaka programu ndogo ambayo ingeiwezesha mashine, ikiwa imekaa benki ya kwanza, kuchungulia ya pili na ya tatu na kuvuta majina yaliyomo kidogo kidogo ili kuyalinganisha. Nilimwuliza ugumu uko wapi. Akaweka sahani yake chini. "Dada, mashine ikihama benki, maagizo iliyokuwa inayasoma inayaacha kule ilikotoka. Ni kama mtu amekaa kwenye kiti, ghafla umemhamishia nyumba nyingine. Kama kule hakuna kiti mahali pale pale, anaanguka. Na ikianguka, inafuta majina yote." Kwa hiyo alipaswa kuweka kipande kilekile cha maagizo, kidogo mno kiasi cha kuenea hata penye majina yaliyojaa, katika kila benki, mahali palepale, bila kupishana hata herufi moja. Alifanya majaribio kwa kikasha kingine kitupu. Iliganda mara nyingi. Alinyauka, akaacha kula mchana, mke wake alipokuja kutoka Ruangwa kumtazama akanilaumu mimi, "Wifi, nawe unamwangalia tu?" Alinipa jina la wifi kwa sababu Benedikto aliniita dada. Kisha siku moja asubuhi nilimkuta kasimama mlangoni, ufunguo mkononi, anacheka peke yake. Akaniambia, "Andika jina la mtu wa Ruangwa." Nikaandika. Tukangoja kama muda wa kunywa kikombe cha chai. Kioo kikaandika: benki 3, imepatikana. Wiki ile tulikutanisha watu wanne. Nililia mara zote nne, na Benedikto alijifanya anatengeneza redio.

Bi Atija alikuja siku mbili kabla ya lori la mwisho la ndugu zake. Nikaandika Matapa. Tukangoja, yeye akiangalia kioo asichoweza kukisoma, mimi nikisikia ule wimbo tena kwa mbali. Kioo kikaandika hapana, benki ya kwanza, hapana ya pili, hapana ya tatu. Hapo ndipo ningeweza kusema ngoja. Siku zote nilikuwa mtu wa ngoja. Lakini nilijiambia, mashine imesoma kuliko wewe Somoe, umezoea kuwa na wasiwasi na kila kitu. Nikasema, kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia haikuwa yangu, "Tumetafuta benki zote tatu, Bi Atija. Hayumo." Kisha akauliza, "Hayumo, siyo bado?" Nikasema, "Hayumo." Akanishukuru, akamwaga kunde zake kwenye ungo wangu, akaondoka. Lori lilipopita mbele ya ofisi nilimwona amekaa nyuma juu ya mafurushi, uso ameuelekeza walikotoka, si wanakokwenda. Nilimpungia. Hakuniona.

Saidi Rashidi alifika siku ya nane baada ya hapo. Alikuwa amesikia mnadani Ruangwa kwamba kuna mama wa Nambambo anamtafuta Matapa, akatembea. Alinikuta barazani peke yangu naosha vyombo. Nilipomwambia mama ameondoka, hakupiga kelele. Alisema tu, "Lakini nilikwambia, dada. Nilikunong'oneza." Nikamwomba anisamehe, akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuliweka neno hilo asipaone. Akaniuliza lori lilikuwa la kwenda upande gani, akaondoka kwa miguu kuelekea Ruvuma na chupa ya maji niliyomjazia. Sijui kama walionana. Nimewauliza watu waliokwenda na kurudi kwa miaka mingi. Ningependa kuandika kwamba walionana, lakini sina ninachokijua.

Mratibu alipata habari kwa njia nyingine, kwamba mtu aliyekuwa kwenye orodha yetu ametafutwa na hakupatikana. Akatuita wote wawili. Benedikto akafungua benki ya tatu mbele yake, akashuka mstari kwa mstari mpaka kwa Saidi Rashidi, tukaona sote: nafasi ya majina mengine, kistari. Benedikto aliinama karibu na kioo. "Imekula," alisema taratibu. "Wakati inahamisha, imekula herufi. Imeacha kistari tu." Mratibu akamwuliza, "Kwa hiyo programu yako inakula majina ya watu?" Benedikto akasema, "Sioni sababu nyingine, mzee. Dada Somoe huwa haachi." Akanigeukia anithibitishie. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha kabati. Nakikumbuka kitasa kile, kilikuwa cha shaba, kimelegea, nikawa nakizungusha. Nilitaka kusema. Mratibu akasema, "Na mengine mangapi imeyala?" Benedikto akasema hajui. Nami nikaendelea kukizungusha kitasa. Mwisho wa mwezi aliambiwa aende, na mashine, kwa kuwa hakuna aliyeiamini tena, akaambiwa aende nayo. Majina tuliyanakili upya kwa mkono, nikaendelea na kazi mpaka ofisi ilipofungwa. Nilitafuta daftari langu wiki ile ile. Lilikuwa chini ya godoro, na ukurasa wa Ruangwa ulikuwa pale pale, jina zima. Kwa miezi yote ambayo Bi Atija alitembea kutoka Nambambo, jina la mwanawe nilikuwa ninalilalia.

Miaka zaidi ya kumi nilijitetea kwa hoja hii: kwamba Benedikto alipata riziki Ruangwa, kwamba alifungua kibanda cha redio na baadaye cha kuchaji simu, kwamba watu husahau. Nilipokutana naye sokoni alinisalimia kwa furaha na kuuliza habari za nyumbani. Hakuwahi kulitaja. Nikachukulia limekwisha.

Sasa turudi msibani. Mjane wake, Mama Kristina, alinishika mkono akaniingiza chumba cha ndani, mahali marehemu alipokuwa akifanyia kazi. Palikuwa na mafuvu ya redio ukutani, harufu ya risasi ya kuunganishia waya, na mezani, imefunikwa kanga, ile mashine. Kando yake madaftari ya shule, marefu kwenda juu, kumi au zaidi. "Wifi," alisema, "hivi vitu sijui nivifanyeje. Kila akipata betri anakaa hapa. Namwambia Baba Kristina, njoo ule. Anasema nangoja, nikipata inapokula nitakuja." Akafungua daftari moja akanipa. Ulikuwa mwandiko wa Benedikto, mdogo, umelala upande. Alikuwa ametunga orodha za majina ya kubuni, akiyajaza katika benki ya tatu, kisha anayaita kutoka ya kwanza na kuandika kilichotokea. Katika kila orodha, katikati ya majina ya kubuni, alikuwa ameweka moja ambalo halikuwa la kubuni. Matapa, benki 3, imepatikana. Ukurasa uliofuata, Matapa, benki 3, imepatikana. Nilifungua daftari jingine, na jingine. Wino ulibadilika, bluu, nyeusi, kalamu ya risasi. Jina halikuliwa hata mara moja.

"Wewe naye mlikuwa wote," Mama Kristina alisema. "Yeye hakupata kujua. Kosa lilikuwa wapi?"

Nje wanaume walikuwa wanazungumza bei ya ufuta. Nilimwambia. Nilimwambia programu haikuwa na kosa, haijawahi kula herufi ya mtu, ni mimi niliyeandika kistari kwa kumstahi kijana, kisha nikamwacha mumewe alichukue kosa lile kuwa lake mbele yangu, nikizungusha kitasa. Nilitegemea alie au anifukuze. Alichukua yale madaftari mikononi mwangu, moja moja, akayapanga mezani yalivyokuwa, akayanyoosha kingo.

"Ungemwambia hata mwaka jana," alisema. "Angekuja kula."

Hakuniita wifi. Akaenda mlangoni akanyanyua pazia. "Shemeji," alimwita mdogo wa marehemu, "waambie hao wa kwenye mabenchi wanyamaze. Huyu mama kutoka Nachingwea ana maneno ya kuwaambia." Kisha akasimama pembeni kunipa njia. Nikatoka na daftari langu. Yule aliyeuliza swali lile nilipofika alikuwa benchi la mbele, kikombe cha chai mkononi, na kando yake vijana wawili na wazee ambao kwao jina la namna ile halitamkwi na mwanamke mbele ya kadamnasi. Nikafungua ukurasa wa Ruangwa. Nikaanza kusoma kwa sauti tangu mwanzo wa mstari, na nilipofika kwenye jina, sikulinong'ona.